Ulinganishaji wa Ruwaza katika Kerneli: Historia ya Mipaka kwa Mifano ya Majina ya Simiyu

Historia ya ulinganishaji wa ruwaza katika mifumo endeshi huelezwa mara nyingi kama historia ya ongezeko la uwezo. Sehemu hii inadai kinyume chake: kuingia kwa funksheni hizo katika kerneli ya Linux kulitawaliwa zaidi na mipaka ya kerneli yenyewe.

Katika Unix ya mwaka 1971, kazi ya kufasiri kinyota katika majina ya mafaili ilifanywa na programu ya pekee iliyoitwa glob, nje kabisa ya kerneli. Kufikia Toleo la Saba la mwaka 1979, kazi hiyo ilikuwa imehamia ndani ya sheli, na mwaka 1992 kiwango cha POSIX kikaisanifisha kama funksheni za maktaba. Katika hatua zote hizo, kerneli ilibaki ikipokea majina yaliyokwisha kufasiriwa.

Hali ilibadilika pale kerneli ilipopata mahitaji yake yenyewe. Mwaka 2005 Thomas Graf aliingiza katika Linux mfumo wa kutafuta matini, ukitumia algorithimu ya Knuth, Morris na Pratt ya mwaka 1977, ili data za mtandao zilizogawanyika vipande ziweze kupekuliwa. Mwaka 2014, katika toleo la 3.17, funksheni ya glob_match ilihamishwa kutoka libata, ilikotumika kutambua modeli za diski zenye kasoro, ikawekwa katika maktaba ya pamoja ya kerneli. Mwaka 2016 Masami Hiramatsu aliitumia katika ufuatiliaji wa funksheni za kerneli.

Uandishi wa glob_match unadhihirisha hoja ya mipaka. Rundo la kumbukumbu la kerneli ni dogo, kilobaiti 8 au 16 tu katika kompyuta nyingi. Kwa hiyo funksheni hii haijiiti yenyewe. Ruwaza Mwa*lala ikilinganishwa na Mwamapalala, jina la mahali wilayani Itilima, kinyota huanza bila kumeza herufi yoyote, kisha husogea herufi moja kila ulinganifu unaposhindikana, hadi kimeze “mapa”. Vinyota vikiwa vingi, hutosha kukumbuka cha mwisho pekee, kwa kuwa kinyota hukubali herufi yoyote.

Mpaka wa pili unahusu lugha. Kerneli huhesabu baiti, wala si herufi kama zinavyosomwa na watu. Tuchukue jina la Kisukuma Ng'wandu katika orodha ya wakulima wa pamba wilayani Bariadi. Ruwaza Ng?wa* hulipata iwapo kibainishi kimeandikwa kwa alama nyoofu ya kibodi, yenye baiti 1. Kikiandikwa kwa alama iliyopinda, ambayo katika UTF-8 huchukua baiti 3, jina lilelile halipatikani, na mkulima huonekana kana kwamba hajasajiliwa.

Matokeo hayo si kasoro ya glob_match, iliyokusudiwa majina ya vifaa. Yanathibitisha kwamba mgawanyo wa awali ulikuwa na msingi: majina ya vifaa yanaweza kuamuliwa ndani ya kerneli, lakini majina ya watu yanastahili kubaki katika programu za nje, ambako kanuni za tahajia za lugha husika zinaweza kuzingatiwa.