Njia ya Kutoka Bura

Ukisimama Bura, chini ya milima ya Taita, nawe ukauelekeza uso wako magharibi, mbele yako iko njia iendayo Maktau na Taveta, na ng'ambo ya mpaka Moshi na Arusha. Watu wengi huijua Bura kwa sababu ya misheni yake, ambayo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka wa 1892. Mimi nataka, msomaji wangu, uikumbuke kwa jambo jingine pia: hapa ilipita reli ya vita.

Reli hiyo ilijengwa kwa haraka mwaka wa 1915 kutoka Voi, ikapita Mwatate na Bura, ili Waingereza wapate kuwapelekea askari wao maji, chakula na risasi katika nyika kavu iliyo kati ya milima na Taveta. Wajerumani walikuwa wameutwaa mji wa Taveta tangu Agosti 1914. Mwanzoni mwa mwaka wa 1916 waliletwa askari wazungu kutoka Afrika Kusini. Tarehe 12 Februari wakakishambulia kilima cha Salaita, wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa na askari Waafrika waliokuwa chini ya maofisa wa Kijerumani. Vitabu vya vita husimulia habari ya Salaita kwa kirefu. Habari ya Kasigau husimuliwa kwa maneno machache mno, nayo ndiyo itufaayo katika insha hii.

Kasigau ni mlima uliosimama peke yake kusini mwa Voi, na watu wake ni ndugu wa Wataita. Mwaka wa 1915 Wajerumani walifika huko wakaishambulia kambi ya Waingereza. Serikali ya kikoloni ikashuku kwamba wenyeji ndio waliowaonyesha adui njia. Yamkini wako walioonyesha. Katika vita mtu aliyeelekezewa bunduki kifuani huonyesha njia yo yote aulizwayo. Lakini haikutafutwa nani alitenda na nani hakutenda. Jamii nzima, wazee na wake na watoto wachanga, iliondolewa mlimani ikapelekwa Malindi, katika joto la pwani na homa ambazo watu wa mlimani hawakuzizoea. Wengi walikufa. Waliosalia hawakupata kurudi Kasigau mpaka miaka ya 1930, na watoto waliozaliwa ugenini walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Jiulize sasa: mtu wa Kasigau angemshitaki nani, na mbele ya hakimu gani? Aliyemhukumu ndiye aliyekuwa serikali, na serikali ndiyo iliyokuwa na mahakama.

Yapata miaka sitini na sita baadaye, Juni 1981, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Nairobi wakaukubali Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, nao ukaanza kutumika Oktoba 1986. Katika kifungu chake cha saba limo jambo ambalo mtu wa Kasigau angelielewa upesi kuliko mwanasheria ye yote: kwamba adhabu ni ya mkosaji mwenyewe, wala haiwezi kuwaangukia wengine. Wakati ule wa Nairobi ilikuwa ni karatasi tu. Karatasi yahitaji watu wa kuisoma, kuifasiri, na kuisimamia mbele ya wakubwa wasiopenda kusomewa.

Ndiyo sababu yalianzishwa masomo ambayo vijana wachache wa rika lenu wameyasikia. Mwaka wa 2000 Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kikishirikiana na vyuo vingine vya Afrika, kilianza kufundisha shahada ya uzamili, yaani shahada ya pili, katika haki za binadamu na ujenzi wa demokrasia. Kila mwaka huchaguliwa wanafunzi wapatao thelathini kutoka nchi mbalimbali za bara hili. Nusu ya kwanza ya mwaka hukaa Pretoria pamoja. Kisha hutawanyika katika vyuo vishirika, kimojawapo kikiwa Makerere, Uganda, ambako Kituo cha Haki za Binadamu na Amani kilianzishwa mwaka wa 1993, wakati vita vya kaskazini mwa nchi hiyo vilikuwa bado havijaisha. Nchi ile ile iliyopeleka askari Salaita, na iliyoishi miaka mingi chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, leo yawapokea wanafunzi waendao kuzichunguza sheria.

Mwaka ule ule wa 2000, vyuo vikuu vya Sarajevo na Bologna vilianzisha masomo ya namna hiyo huko Ulaya ya kusini-mashariki, ambako watu wa iliyokuwa Yugoslavia walikuwa wameuana tangu 1991. Watoto wa pande zilizopigana wakakaa darasa moja. Sidhani kwamba lilikuwa darasa jepesi.

Lakini usidhani kwamba elimu ya juu yatosha kumzuia mtu asitende uovu. Mjini Arusha, mwisho wa njia yetu hii, Umoja wa Mataifa uliweka mahakama ya kuwahukumu waliohusika na mauaji ya Rwanda ya mwaka wa 1994. Miongoni mwa waliotiwa hatiani alikuwamo Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, mmoja wa waanzilishi wa redio iliyowachochea watu kuua. Mwaka wa 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka wa 2007, baada ya rufani, kikapunguzwa kuwa miaka 30. Alikuwa na shahada kubwa kuliko watu wengi waliomsikiliza.

Arusha hiyo hiyo ndiyo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka wa 2017 iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek ilipowatoa katika msitu wa Mau, na Juni 2022 ikaiamuru iwalipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa uchungu walioupata, na kuwarudishia ardhi yao. Shauri lilikuwa limeanza mwaka wa 2009. Mwezi wa Novemba 2023, mwaka mmoja na zaidi baada ya amri hiyo, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena katika msitu ule ule.