Lamu Kutoka Ndani ya Nyumba Zake

Mji wa Lamu, uliomo katika kisiwa chenye jina hilo kaskazini mwa pwani ya Kenya, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni wengi wanaoufikia huanzia ziara yao kwenye ngome, ingawa ngome ndilo jengo lisiloeleza mengi juu ya wenyeji. Ilikamilika takriban mwaka 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela na kuomba himaya ya Sayyid Said wa Omani. Wakoloni wakaigeuza gereza, na gereza likadumu humo hadi mwaka 1984.

Maelezo ya mji yamo katika nyumba. Nyumba za mawe za Mkomani, yaani upande wa kaskazini, ambazo nyingi ni za karne ya 18, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa na kuezekwa dari nzito zinazobebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hizo hazistahimili uzito huo zikizidi urefu wa mita tatu hivi, vyumba vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine. Mbele kabisa pana daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba alizungumza na wapitao njia. Mfanyabiashara aliyeletwa na msimu wa pepo alilazwa sabule, chumba cha wageni chenye ngazi yake, ili asipite walipo watu wa nyumbani. Nyuma ya kiwanda, ambacho ni ua usioezekwa, na baada ya misana miwili, hufuata chumba kiitwacho ndani, chenye zidaka, vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa vilivyopangwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Utajiri, basi, uliwekwa mbali na macho ya mtaa, na mgeni anayeona vichochoro vyenye kuta ndefu zisizo na madirisha akadhani mji ni fukara wa sanaa amesimama upande usiofaa wa ukuta. Hata wanawake walikuwa na njia yao ya juu: wikio, chumba kinachovuka kichochoro na kuunganisha nyumba za jamaa.

Langoni, upande wa kusini, kuna historia nyingine, na pengine ndiyo inayovuta watu wengi zaidi leo. Huko Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, aliwafundisha dini watu wa tabaka la chini, wakiwemo waliokuwa watumwa, na takriban mwaka 1900 ukajengwa msikiti wa Riyadha. Baadhi ya wakuu wa mji walichukizwa, si kwa wanafunzi wake tu, bali pia kwa Maulidi ya al-Habshi, utungo wa sifa za Mtume uliotoka Hadhramaut na kusomwa kwa matari, ngoma ndogo za mkono, ndani ya msikiti. Maulidi hayo yaliyolalamikiwa ndiyo yanayoijaza Lamu wageni kila Mfungo Sita, pamoja na mashindano ya majahazi na ya punda yanayoandamana nayo.

Chakula nacho kina ndani na nje yake. Biriani, wali wa nazi na samaki wa kupaka, yaani samaki aliyechomwa kwa makaa huku akipakwa tui zito lenye viungo, ni mapishi ya nyumbani, na hoteli za ufukweni huyaiga kwa kiasi tu. Cha mtaani ni mkate wa mofa, unaobandikwa katika kuta za tanuri ya udongo, pamoja na viazi vya karai na mishikaki ya jioni. Kahawa chungu, inayomiminwa kutoka katika dele na kunywewa kwa tende au halua, hupatikana barazani, ambako wanaume hukaa baada ya sala ya alasiri wakibishana juu ya bei ya samaki na siasa za Nairobi. Mgeni anayeketi kwa adabu huongezewa kikombe.