Deni la Mkosaji Hulipwa kwa Nani?

Mtu akivunja dirisha la jirani yake, je, deni lake ni kwa nani? Mahakamani twaambiwa kwamba amevunja sheria, basi deni lake ni kwa Serikali. Walakini jirani aliyevunjiwa dirisha hupata nini?

Watu wa zamani hawakumsahau jirani huyo. Yapata mwaka 600, katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent katika nchi ya Uingereza, kila jeraha lilikuwa na fidia yake. Aliyemng'oa mwenziwe jino la mbele alimlipa shilingi 6. Baadaye wafalme walipozidi nguvu, kosa lilihesabiwa kuwa ni kuvunja amani ya mfalme. Faini ikaingia katika hazina yake, na aliyeumizwa akabaki kuwa shahidi tu.

Mwaka 1974 aliyekosewa alikumbukwa tena katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario, nchi ya Kanada. Usiku mmoja vijana wawili waliokuwa wamelewa walipita wakivunja madirisha na kutoboa mipira ya magari, hata wakaharibu mali za watu 22. Walipofikishwa mahakamani walikiri. Mark Yantzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaangalia wakosaji walioachiwa kwa masharti, alitoa shauri kwamba vijana wale wakaonane na wote waliowakosea. Hakimu, Gordon McConnell, kwanza alisita, kisha akakubali.

Basi wakaenda nyumba kwa nyumba wakibisha hodi. Safari hiyo haikuwa nyepesi. Gerezani mkosaji husitiriwa na ukuta, lakini mbele ya mlango wa mtu aliyemtia hasara hana pa kuuficha uso wake. Vijana wale waliyasikia kwa masikio yao wenyewe mambo waliyowatendea watu, na baada ya miezi michache walirudi kulipa fedha waliyodaiwa.

Miaka mingi ikapita. Mmoja wao, akiwa mwanafunzi wa chuo, alimsikia mgeni akisimulia kisa cha Elmira kuwa ndicho chanzo cha njia mpya ya kupatanisha watu. Akatambua kwamba kisa kile ni chake mwenyewe! Akajitolea kusaidia katika kazi hiyo hiyo ya upatanisho. Nayo New Zealand, kwa sheria ya mwaka 1989, iliamuru kijana aliyekosa akutanishwe na jamaa zake, na aliyekosewa akaribishwe penye mkutano huo.

Hatusemi kwamba magereza hayana kazi, kwa kuwa wako watu wa kuogopwa. Lakini wafungwa walio wengi siku moja hurudi kwao. Arudipo mtu ambaye hajamlipa jirani yake wala kumwomba radhi, kifungo kimekwisha na deni lingali pale pale. Wazee wetu waliokaa barazani na kuamua fidia walilijua jambo hili. Dawa ya deni ni kulipa, na wa kulipwa kwanza ni yule aliyekosewa.