Mto Ukihama, Nani Ahame?

Mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika Mashariki, waliufanya Mto Songwe kuwa sehemu ya mpaka wao: kutoka unapoingia Ziwa Nyasa, kuupanda hadi longitudo 33 Mashariki na kuendelea. Leo ng'ambo moja ni Tanzania, ya pili Malawi. Kabla ya hapo, mwaka 1848, Mkataba wa Guadalupe Hidalgo ulikuwa umeifanya Rio Grande, ambayo Wameksiko huiita Río Bravo, kuwa sehemu ya mpaka wa Meksiko na Marekani. Kote kuwili mto ulipendwa kwa sababu unaonekana na hauhitaji nguzo. Tatizo ni kwamba mto wa tambarare hautulii.

Kati ya El Paso ya Marekani na Ciudad Juárez ya Meksiko, Rio Grande ilisogea kusini baada ya upimaji wa 1852, na mafuriko ya 1864 yakaisukuma zaidi. Ardhi ya Chamizal, iliyokuwa ya Meksiko, ikajikuta upande wa Marekani. Mkataba wa 1884 uliweka kanuni: mto ukila kingo polepole, mpaka huufuata, ukiruka ghafla na kuchimba njia mpya, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani. Lakini mwaka 1911, wasuluhishi walipoamua kuwa mkondo wa 1864 ndio utumike, Marekani ilikataa, ikidai kuwa haiwezekani tena kujua ulipopita. Suluhu ikangoja mkataba wa 1963. Wakazi wapatao 5,600 wa El Paso walihamishwa, na mwaka 1968 maji yakaelekezwa kwenye mfereji wa zege. Mpaka ukatulia kwa kuwahamisha watu na mto kwa pamoja.

Songwe nao, ukishashuka kutoka milima ya Ileje hadi uwanda wa Kyela na Karonga, hupindapinda katika udongo laini na kubadili njia wakati wa mafuriko. Shamba la mpunga lililokuwa upande huu laweza kuonekana ng'ambo mvua zikiisha. Hata hivyo, hapa pana desturi iliyoutangulia mpaka wa 1890. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu kwa asili na lugha. Ng'ambo ni kwa shemeji na wajomba. Kwa jicho hilo, mto ukihama umeharibu mazao, haujabadilisha majirani.

Tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi. Undugu hautoi hati ya shamba, wala hauamui mkulima alipe ushuru wapi. Ndiyo maana Tanzania na Malawi zilianza na mpango wa kuudhibiti mto, kisha zikaupanua uguse bonde zima: mabwawa ya kupunguza mafuriko, umeme na umwagiliaji. Mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kamisheni ya pamoja.

Hapo mpango wa Songwe unaizidi suluhu ya Chamizal, kwa kuwa unaanzia juu, yanakotoka maji na tope, badala ya kufunga zege mahali pa ugomvi. Ila mabwawa peke yake yatamwachia mkulima hasara. Mamlaka ya nchi na umiliki wa shamba ni mambo mawili. Mpaka ukisogea au ukikaa, sheria za nchi zote mbili zitamke kwamba aliyelima kabla ya mafuriko ndiye mwenye shamba baada yake.