Kikatuzi: Jina la Mashine ya Kung'arishia Gari na Kazi Iliyofichwa na Neno Polishi

Kikatuzi ni istilahi inayopendekezwa katika makala haya kwa ajili ya mashine ya umeme inayoshikwa kwa mikono miwili, ambayo huzungusha pedi ya sponji au ya sufu juu ya bodi ya gari pamoja na kompaundi, yaani uji mzito wenye chembechembe za kukwaruza, ili kuondoa mikwaruzo myembamba na ukungu uliotanda juu ya rangi. Mazoea ni kuiita mashine ya polishi, na kazi yake kupiga polishi, majina yaliyokwisha kukita kiasi kwamba kuyahoji kunaweza kuonekana ni kujitafutia kazi isiyo na faida. Lakini sehemu kubwa ya usumbufu unaompata anayeishika mashine hiyo kwa mara ya kwanza, na hasara inayompata mwenye gari, hutokana na picha ambayo neno hilo huijenga akilini hata kabla swichi haijawashwa.

Polishi, kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, ni kitu cha kupaka. Neno hilo limezoeleka zaidi kwa viatu, na jina jingine la kitu hicho hicho, dawa ya viatu, linaonyesha wazi zaidi jinsi kinavyoeleweka: mtu huichota koponi, huipaka juu ya ngozi, huisugua kwa brashi, na kiatu hung'aa kwa sababu kimeongezewa nta na rangi. Anayeipeleka fikra hiyo kwenye gari huamini kwamba kadiri anavyozidisha polishi na nguvu za mikono ndivyo anavyoizidishia rangi uhai, na kwamba doa likibaki, dawa yake ni kurudia palepale. Mashine hii haiongezi kitu. Inapunguza.

Rangi ya magari mengi ya leo, yakiwemo yale yaliyotumika Japani ambayo yamejaa katika barabara za Tanzania, imepangwa kwa matabaka: juu ya bati hukaa rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe inayoonekana, na juu kabisa vanishi angavu isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia na ambayo ndiyo inayobeba mng'ao. Vanishi hiyo kwa kawaida ina unene wa mikromita 35 hadi 60, na kwa kuwa mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, vanishi nzima mara nyingi huwa nyembamba kuliko unywele wa mtu. Mkwaruzo ni mfereji uliochimbwa ndani ya tabaka hilo, nao huonekana kwa sababu kingo zake hutawanya mwanga; mashine haiujazi mfereji, bali huzishusha kingo zake na eneo lote linalouzunguka mpaka lilingane na sakafu yake, mithili ya seremala anayeipiga randa mbao yote ili alama moja ya patasi ipotee. Kila mzunguko wa pedi, kwa hiyo, unakula akiba isiyorudishwa ila kwa kupiga rangi upya. Akiba hiyo huisha kwanza kwenye mikunjo ya boneti na kingo za milango, ambako vanishi ni nyembamba na ambako msukumo wote wa pedi huangukia mstari mmoja mdogo, na kwenye bampa za plastiki, ambazo hazisambazi joto kama bati na huungua upesi. Kwa gari lenye vanishi, sponji ikianza kuchukua rangi ya gari ujue vanishi ya mahali hapo imekwisha. Kwa gari la zamani lisilo na vanishi, dalili hiyo hiyo ni ya kawaida, na kutojua tofauti hiyo kumewaogofya wengine bure na kuwaponza wengine kweli.

Ruaha Mbuyuni ni mahali panapofaa kuutazamia ugumu wa kazi hii. Kituo hicho cha mkoa wa Iringa kimekaa chini, katika bonde la Ruaha Mkuu lenye joto, mibuyu na mashamba ya vitunguu, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Tunduma, kabla malori hayajaanza kuukwea Mlima Kitonga. Gari lililosimama juani katika bonde hilo huwa na bati la moto, na kompaundi, ambayo ulaini wake hutokana na maji na mafuta yaliyomo, hukauka juu yake kabla haijafanya kazi, ikageuka kuwa unga na vibonge. Sponji huziba, mashine huanza kurukaruka mikononi, na mtumiaji, akidhani kwamba pedi haijashika vizuri, huikandamiza zaidi na kuongeza joto ambalo ndilo lililoanzisha matatizo yote. Kompaundi ya chupa ileile, ikitumika asubuhi ya Julai katika baridi ya Iringa au Mbeya, miji iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, hubaki laini kwa muda mrefu zaidi, na mtu mwenye mkono uleule huonekana hodari zaidi. Kivuli ndiyo dawa ya kwanza, lakini mbuyu, ambao ndio uliopapa mahali hapo jina, hupukutisha majani yake kwa sehemu kubwa ya kiangazi, wakati ambapo kivuli kinahitajika kuliko wakati wowote, hivyo hapana budi kujenga kibanda. Vumbi nalo lina hesabu yake: likifutwa kwa tambara kavu, huchora mikwaruzo ileile ambayo mashine ililetwa kuiondoa.

Aina za mashine zenyewe zinahitaji majina, kwa sababu usumbufu wa aina moja si wa nyingine. Kikatuzi cha mhimili mmoja huzungusha pedi mahali pamoja kama grainda, kwa mizunguko ipatayo 600 hadi 3,000 kwa dakika. Hukata haraka, hupasha joto haraka, na kikishikwa vibaya huacha michirizi ya mviringo inayojitokeza jua linapopiga. Kikatuzi cha mzingo huizungusha pedi huku kikiisogeza katika duara jingine dogo, hivyo hakuna sehemu inayosuguliwa kwa njia ileile mfululizo, na hatari hupungua. Lakini kikikandamizwa sana pedi huacha kuzunguka, ikabaki kutetemeka tu, na wengi wamekilaumu kuwa kibovu ilhali kosa lilikuwa la mkono. Mstari wa kalamu ya wino mzito uliochorwa ukingoni mwa sahani inayoshika pedi humaliza ubishi huo, kwa kuwa mstari unaoonekana umesimama ni ushahidi kwamba pedi imesimama.

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya kazi hii. Kung'arisha hutaja tokeo bila kusema limepatikanaje, na kusugua hutaja tendo bila kusema linaishia wapi. Kupiga msasa kunakaribia zaidi, na neno lenyewe ni zuri sana, kwa kuwa msasa ni mti ambao majani yake makavu na makali yalitumika kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kurithi jina lake. Lakini mafundi wameshalipa kazi mahususi ya kuandaa bodi kabla ya rangi, na haifai kulinyang'anya. Lililobaki ni katua, neno lililomo katika kamusi za zamani, ikiwemo ile ya Frederick Johnson ya 1939, kwa maana ya kukisugua chombo mpaka king'ae. Anayekatua sinia la shaba kwa majivu na limau hapaki kitu. Anaondoa kutu ya kijani na tabaka jembamba la shaba yenyewe, na tambara lililochafuka ni ushahidi wa kilichotoka.

Kutoka katua hupatikana kikatuzi, kwa kanuni ileile iliyozaa kisimbuzi kutoka simbua na king'amuzi kutoka ng'amua. Pingamizi moja ni la haki: wakulima, na Ruaha Mbuyuni ni mahali pa wakulima, hutumia kukatua kwa maana ya kuvunja ardhi kabla ya kupanda, na jina kikatuzi lingeweza kudhaniwa ni la jembe la trekta. Hata hivyo Kiswahili hubeba maneno mengi ya namna hiyo bila kuchanganyikiwa, na muktadha wa gereji hauna shamba ndani yake. Polishi nayo isifukuzwe. Ibaki kuwa jina la kile kinachopakwa mwishoni, yaani nta ya kuilinda vanishi iliyokwisha kukatuliwa. Majina hayo mawili yakitenganishwa, mnunuzi wa gari lililotumika anaweza kuuliza swali ambalo sasa ni vigumu kuuliza. Kusikia kwamba gari limepigwa polishi mara tano ni kusikia sifa, ilhali anayeuliza limekatuliwa mara ngapi anataka kujua vanishi iliyobaki ni kiasi gani.