"Sasa twende wapi?": Filamu ya Lebanon inayochekesha kuhusu ugomvi wa dini

Mwaka 2011 mwongozaji wa filamu wa Lebanon, Nadine Labaki, alitoa filamu inayomchekesha mtu huku machozi yakimlengalenga. Jina lake la Kifaransa ni Et maintenant, on va où?, maana yake "Sasa twende wapi?" Inahusu kijiji cha Waislamu na Wakristo ambako wanaume wako tayari kushikana mashati kwa jambo dogo, na wanawake wamechoka kuzika. Kilele chake ni sherehe ya fujo ambayo wanaume wote wanalishwa keki zenye bangi.

Katika makala haya tunaeleza kisa chenyewe, historia iliyo nyuma yake, na kwa nini bado inazungumzwa.

Kisa kinaanzaje?

Kijiji hakitajwi jina. Kiko milimani, kimezungukwa na mabomu yaliyotegwa ardhini, na njia ya kutoka ni daraja moja bovu. Msikiti na kanisa viko jirani. Sheikh na padri ni marafiki. Makaburi nayo yako pamoja, ila njia imeyagawa: Waislamu upande huu, Wakristo upande ule.

Siku moja wanakijiji wanakusanyika kutazama televisheni. Taarifa ya habari inasema mapigano ya kidini yamezuka kwingineko nchini. Wanawake wanaanza kupiga kelele na kugombana kwa makusudi, ili wanaume wasisikie. Baadaye wanaiharibu kabisa televisheni hiyo.

Lakini shaka imekwisha kuingia. Kijana anaanguka kutoka kwenye ngazi kanisani na msalaba unavunjika. Mbuzi wanaingia msikitini. Damu inakutwa kwenye maji ya baraka. Siku za kawaida, mbuzi ni mbuzi tu. Siku za shaka, kila mtu anauliza ni nani aliyewafungulia mlango.

Historia iliyo nyuma yake

Lebanon ni nchi ndogo, yenye kilomita za mraba 10,452 tu, lakini inatambua rasmi jumuiya 18 za kidini. Tangu uhuru mwaka 1943, vyeo vikubwa vimegawanywa kwa dini na madhehebu: rais ni Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu ni Mwislamu wa Sunni, na spika wa bunge ni Mwislamu wa Shia.

Kuanzia 1975 hadi 1990 nchi hiyo ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Idadi ya waliouawa hukadiriwa kuwa hadi watu 150,000. Mwaka 1991 ilipitishwa sheria ya msamaha kwa makosa mengi ya vita hivyo.

Mwezi Mei 2008 mapigano yalizuka tena katika mji mkuu, Beirut, kati ya wafuasi wa Hezbollah na wa serikali ya wakati huo. Labaki ameeleza kwamba ndipo alipogundua ana ujauzito. Alijiuliza: kama angekuwa na mtoto mkubwa wa kiume, angefanya nini asichukue bunduki na kuingia mitaani? Wazo la filamu lilitokana na swali hilo.

Ujanja wa wanawake

(Kama hutaki kujua mwisho kabla ya kutazama, ruka hadi sehemu ya mwisho.)

Wanawake wa dini zote mbili wanaungana. Mke wa mwenyekiti wa kijiji anajifanya anapokea ujumbe kutoka kwa Bikira Maria. Wanaleta wacheza dansi kutoka Ukraine, eti basi lao limeharibika, ili wanaume wasahau ugomvi.

Kisha kicheko kinakatika. Nassim, kijana Mkristo aliyekuwa akienda nje kuleta bidhaa, anapigwa risasi katika mapigano yasiyomhusu. Mama yake, Takla, anauficha mwili kisimani na kuwaambia watu mwanawe anaumwa matubwitubwi. Kaka wa marehemu anapogundua na kutaka kulipiza kisasi, mama huyo anampiga risasi ya mguu ili asitoke.

Ndipo inapokuja sherehe. Wanawake wanaoka keki na vitafunwa vyenye bangi, wanaume wanakula, wacheza dansi wanatumbuiza. Watu waliokuwa wakinuniana wanacheka pamoja. Wakati huo wanawake wanazichimbua silaha zilizofichwa na kwenda kuzifukia kwingine.

Asubuhi mume Mwislamu anamkuta mkewe anasali Kikristo, na Mkristo anamkuta wake amevaa hijabu. Ujumbe ni mmoja: ukitaka kumpiga adui, anzia nyumbani kwako. Wanaume wanalibeba jeneza la Nassim hadi makaburini, wanasimama katikati ya njia, na kuuliza: sasa twende wapi?

Filamu inatuachia nini?

Ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwezi Mei 2011. Septemba mwaka huohuo ikashinda tuzo ya chaguo la watazamaji huko Toronto, Kanada. Wapo wahakiki waliosema inarahisisha mambo, kwa kuwa vita vya Lebanon vilikuwa na viongozi, fedha na mataifa ya nje, si wanaume wenye hasira tu.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwetu sisi tunaofanya kazi ya kutangaza habari, kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya filamu wanawake wanaficha habari, na bado mauti yanafika. Televisheni imekufa, uvumi unaendelea. Kinachowasimamisha wanaume mwishoni ni kumwona "yule mwingine" ameketi kwenye meza yao, akiwapakulia chakula.

Filamu ni ya Kiarabu na haifiki saa mbili. Ukiipata kwenye simu, tafuta yenye tafsiri ya maandishi katika lugha unayoielewa.