Mkono wa Kushoto na Swali la Maumbile

Kiswahili kimeupa mkono mmoja jina la kazi yake: ni mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula. Wazee waliuita pia mkono wa kuume, na mwenzake wakauita wa kushoto au wa kike. Katika majina hayo machache mna hukumu nzima: upande mmoja umepewa adabu, nguvu na uanaume, wa pili umeachiwa yaliyosalia. Waswahili hawako peke yao katika jambo hili. Neno la Kilatini la upande wa kushoto, sinister, lilibeba maana ya nuksi, na Wafaransa humwita gauche mtu asiye na ustadi. Mwaka 1909 mwanachuoni wa Kifaransa, Robert Hertz, aliandika insha juu ya kutukuzwa kwa mkono wa kulia. Alikiri kwamba mwili wenyewe umeelemea kidogo upande mmoja, lakini akaonyesha kuwa ni jamii iliyoichukua tofauti hiyo ndogo ikaifanya sheria.

Je, mwenye shoto ameumbwa hivyo au amejitakia? Swali hilo lina ndugu yake: je, mtu ambaye moyo wake huelekea jinsia yake mwenyewe ameumbwa hivyo au amechagua? Historia za maswali haya mawili zimekwenda sambamba, na kuzisoma pamoja kunadhihirisha jambo ambalo kila moja peke yake hulificha.

Wenye shoto ni takriban mtu mmoja katika kila kumi, na wamekuwapo tangu kale. Kitabu cha Waamuzi, katika Agano la Kale, kinawataja watu 700 wa kabila la Benyamini waliotumia mkono wa kushoto, mafundi wa kombeo wasiokosa shabaha. Wasifu wa Umar bin Khattab, khalifa wa pili, huhadithia kwamba alitumia mikono yote miwili. Dhiki ilizidi zilipoenea shule. Samaki mkunje angali mbichi, walimu waliamini hivyo kila mahali; watoto wakafungwa mkono, wakachapwa vidole, ili kalamu ihamie upande wa pili. Wataalamu nao wakaleta hoja za kuunga mkono fimbo. Mwaka 1903 Cesare Lombroso, tabibu wa Kiitalia, aliihusisha shoto na uhalifu. Mwaka 1946 Abram Blau, daktari wa akili wa Kimarekani, alidai kuwa shoto ni ukaidi wa utotoni: mtoto hakuumbwa nayo, ameamua tu kupinga.

Uchunguzi wa zaidi ya watu milioni moja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha matunda ya kukunjwa huko. Miongoni mwa waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, wenye kuandika kwa kushoto hawakufika 5 katika kila 100. Miongoni mwa waliozaliwa baada ya 1950, walizidi 10. Maumbile ya binadamu hayabadiliki katika miaka hamsini. Kilichobadilika ni fimbo. Wenye shoto walikuwapo siku zote, ila walifundishwa kujificha.

Sayansi ilikuja nyuma, polepole. Huko Belfast, Peter Hepper aliwatazama watoto tumboni mwa mama zao kwa mashine ya mawimbi ya sauti, akaona kidole gumba wanachonyonya. Mwaka 2005 alieleza habari za 75 kati yao walipokua: 60 walionyonya gumba la kulia wote walikuwa watumiaji wa kulia; katika 15 walionyonya la kushoto, 10 walikuwa na shoto. Mtoto aliye tumboni hana ukaidi. Hata hivyo, pacha wa yai moja, wenye urithi ule ule, mara nyingi hutofautiana mikono. Uchunguzi wa watu zaidi ya milioni 1.7 uliotangazwa mwaka 2020 ulikuta sehemu 41 za urithi zinazohusiana na shoto, kila moja ikichangia kidogo sana. Basi shoto haichaguliwi, wala haikuandikwa na jeni moja. Kati ya urithi na hiari pana mlango wa tatu: ukuaji wa kiumbe kabla ya kuzaliwa, na bahati iliyomo ndani yake.

Swali la pili liliibuka Ujerumani. Kuanzia mwaka 1864, mwanasheria Karl Heinrich Ulrichs alichapisha vijitabu vilivyosema kwamba wanaume kama yeye wamezaliwa hivyo, kana kwamba roho ya kike imewekwa katika mwili wa kiume, na kwamba si haki kuadhibu maumbile. Mwaka 1867 alisimama mbele ya mkutano wa wanasheria mjini Munich kuitetea hoja hiyo, akazomewa. Mwenzake katika madai hayo, Karl Maria Kertbeny, mfasiri wa washairi wa Kihungari, aliona mbali zaidi. Yeye ndiye aliyelitunga, mwaka 1868, neno ambalo lugha za Ulaya hulitumia hadi leo kwa mapenzi ya jinsia moja. Lakini hakuridhika na hoja ya maumbile. Kwake, hoja hiyo ni upanga ukatao kuwili, maana kinachoitwa maumbile leo huenda kesho kikaitwa ugonjwa. Msingi wake ulikuwa mwingine: dola haina haki ya kuingilia faragha isiyomdhuru mtu.

Karne iliyofuata ilithibitisha hofu yake. Magnus Hirschfeld, tabibu wa Berlin, aliunda mwaka 1897 kamati ya kudai sheria ifutwe kwa kuwa mwelekeo huo ni wa kuzaliwa. Hoja hiyo hiyo ikawafungulia mlango waganga wa kupasua, waliowapandikizia wanaume tezi za wengine ili wawabadilishe. Mei 1933 Wanazi waliivamia taasisi ya Hirschfeld na kuchoma vitabu vyake. Mwaka 1944, katika kambi ya Buchenwald, daktari Carl Værnet aliwatia wafungwa homoni mwilini kwa nguvu. Kuitwa wa kuzaliwa hakukuwaokoa.

Visiwani nako mjadala haukuwa mgeni. Mwaka 1899 Oskar Baumann, aliyekuwa konsuli wa Austria na Hungaria Unguja, aliandika kwamba wenyeji walitofautisha watu wa aina mbili: walioingia katika mambo hayo kwa mazoea au malipo, ambao walidharauliwa, na waliozaliwa hivyo, ambao walivumiliwa kwa kauli ya maneno mawili: amri ya Muungu. Miaka 105 baadaye, mwaka 2004, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilipitisha marekebisho ya sheria ya jinai yaliyotaja kifungo kwa wanaume na kwa wanawake pia.

Na sayansi yasemaje? Mwaka 2000 watafiti walikusanya chunguzi 20 wakakuta kwamba wenye mwelekeo wa jinsia moja wana uwezekano mkubwa zaidi, kwa kadiri ya asilimia 39, wa kutotumia mkono wa kulia: maswali mawili yakakutana ndani ya mwili mmoja. Ray Blanchard na wenzake walionyesha kuwa kila kaka wa tumbo moja anayemtangulia mwanamume huongeza kidogo uwezekano wa mwelekeo huo. Mwaka 2019 uchunguzi wa watu karibu nusu milioni ulisema wazi kuwa hapana jeni moja ya jambo hili. Urithi una sehemu yake, nayo si yote. Jibu linafanana na lile la mkono: si hiari, wala si urithi peke yake.

Hata hivyo mkono una funzo jingine. Mswahili mwenye shoto hula kwa mkono wa kulia, kwa kuwa ameilea nafsi yake katika adabu ya dini na ya sinia. Akitoka nje, hurusha jiwe kwa kushoto. Kitendo chake kimefunzwa, mwelekeo wake umebaki. Dini na sheria huhukumu vitendo, na watu wataendelea kuhitilafiana juu ya vitendo hivyo. Lakini anayempiga mtoto ili abadilike ndani hapigi kitendo, anapiga asichokifikia.

Wenye shoto hawakusubiri mwaka 2020 ili waachwe huru. Mikono yao ilifunguliwa miongo mingi kabla ya jeni hata moja kujulikana, siku walimu walipotambua kwamba hati iliyoandikwa kwa kushoto inasomeka, na kwamba aliyekuwa akiumia darasani ni mtoto, si kalamu.